Mcheza ugenini hutunzwa lini?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuambia mcheza ugenini hutunzwa na nani, wala lini. Kisa cha Frank Bowling, mchoraji mzaliwa wa Guyana, kinatupa jibu, nalo si la kufurahisha sana: alitunzwa, lakini alipokwisha kuota mvi.

Bowling alizaliwa 1934 katika mji mdogo wa Bartica, nchi hiyo ilipokuwa bado koloni la Mwingereza. Alikulia New Amsterdam, ambako mama yake, mshonaji hodari, alikuwa na duka. Guyana imo katika bara la Amerika ya Kusini, walakini kwa lugha, kwa mashamba ya miwa na kwa historia ya utumwa, watu wake hujihesabu pamoja na visiwa vya Karibiani. Waafrika walipelekwa huko kwa minyororo. Utumwa ulipokomeshwa wakaletwa Wahindi kwa mikataba ya kazi, miongoni mwao Waislamu ambao vizazi vyao wangali huko na misikiti yao.

Mwaka wa 1953, akiwa kijana wa miaka 19, Bowling alivuka bahari kwenda London. Hamu yake ilikuwa kuandika mashairi, lakini brashi ikamshinda kalamu. Aliingia Royal College of Art, na 1962 akahitimu kwa nishani ya fedha. Nishani ya dhahabu ilimwendea David Hockney, Mwingereza ambaye jina lake lilivuma upesi duniani kote. Miaka miwili baadaye, jumba la Whitechapel lilipokusanya wachoraji wa kizazi kipya, Hockney alikuwamo, Bowling hakuwamo. Na 1966, katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi huko Dakar, Senegal, Bowling akapata tuzo kuu. Afrika ilimwona kabla ya London kumtazama vyema.

Mwaka huohuo akahamia New York. Hapo ndipo aliposhikwa na swali zito zaidi. Weusi wa Marekani walikuwa wakipigania haki zao, na wengi walitaka msanii mweusi achore mapambano hayo waziwazi: ngumi, minyororo, nyuso za mashujaa. Bowling naye alikuwa akiziacha sura za watu na kuzama katika rangi tupu. Je, huko si kuikimbia vita?

Bowling hakunyamaza. Kati ya 1969 na 1972 aliandika makala katika jarida la Arts Magazine akishikilia kwamba msanii mweusi asipangiwe la kuchora, na kwamba maisha aliyoyapitia humo ndani ya kazi yake hata kama hapana sura ya mtu. Mwaka 1969 aliandaa maonyesho ya wachoraji na wachongaji weusi watano, yeye mwenyewe akiwa wa sita, kuthibitisha kuwa hakuwa peke yake katika njia hiyo.

Nasi tukizitazama picha zake za miaka hiyo, tunaona kuwa hoja yake haikuwa ya kujitetea tu. Ni turubai kubwa mno, zimejaa rangi kama maji ya jioni, na ndani yake huelea ramani: Afrika, Amerika ya Kusini, Australia. Mipaka waliyoichora wakoloni haimo. Katika baadhi yake, picha ya duka la mama yake imepigwa chapa kwa hafifu, kama kumbukumbu inayotaka kupotea. Moja, ya mwaka 1970, aliiita Middle Passage, jina la safari ya majahazi ya watumwa kuvuka Atlantiki. Nani basi atasema mtu huyu aliisahau historia?

Baadaye hata ramani akaziacha. Kuanzia 1973 alitengeneza jukwaa la kuinamishwa, akawa anamimina rangi kutoka juu na kuiacha iteremke na kuchanganyika yenyewe.

Sisi wa pwani hatupaswi kushangazwa na uzuri usiokuwa na sura. Mafundi wa Lamu walichonga milango, na kutia nakshi kwenye zidaka za kuta, bila ya kuweka uso wa mtu, na hakuna aliyewaambia kuwa kazi yao haina maana. Tofauti ipo: nakshi ina mpango na kipimo, ilhali rangi ya Bowling hutiririka, na kwa namna fulani hujipangia njia. Lakini jicho lililozoea kutulia mbele ya mlango wa Lamu halitapata taabu kutulia mbele ya picha zake.

Tukirudi kwenye utuzo: Bowling alirejea London katikati ya miaka ya sabini, akaendelea na kazi. Royal Academy, iliyoasisiwa 1768, ilimchagua 2005, mweusi wa kwanza kuwa mwanachama wake kamili. Jumba la Tate Britain lilimfanyia maonyesho ya kazi za maisha yake yote 2019, akiwa na miaka 85. Mwaka uliofuata Malkia akamtunukia cheo cha Sir.

Tuseme nini? Wako watakaosema mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini methali hiyo humsifu mvumilivu na kumsahau aliyemfanya angoje. London ilimwona mgeni. New York baadhi ya ndugu zake walimwona mkimbizi wa mapambano. Huku alikataliwa kwa vile alivyo, kule alilaumiwa kwa kutofanana na walivyotaka awe. Katikati ya milango hiyo miwili alifanya kazi zaidi ya miaka hamsini.

Nasi tujiulize: ni mafundi wangapi wetu tunaowangojea wazeeke, au wageni wawasifu kwanza, ndipo tuwatunze?