MAKARANI, MWAENDA WAPI?



Tumesikia kwamba baadhi ya ndugu zetu makarani wataka kujitenga na chama wakaanzishe cha kwao, kwa kuwa, wasema, haifai mtu wa kalamu kuketi mkutano mmoja na mtu wa koleo. Tulicheka kidogo, kisha tukaona afadhali tuwajibu kwa maandishi, maana maandishi ndiyo wayapendayo.

Kwanza twawauliza: hiyo ofisi ni ya nani? Meza ni ya nani, na ile kompyuta? Karani hutoka jioni mikono mitupu kama sisi. Alichokuja kuuza asubuhi ni saa zake na elimu yake, nasi twauza saa zetu na mikono yetu. Karl Marx, yule Mjerumani aliyewachambua mabepari, hakupima tabaka la mtu kwa nguo zake. Aliuliza nani mwenye mali ya kufanyia kazi, na nani hana budi kuuza nguvu zake ili ale. Kwa kipimo hicho tai haimsaidii mtu neno.

Tena aliwataja makarani wenyewe, katika kitabu cha tatu cha Das Kapital, kilichochapwa 1894 naye amekwisha kufa. Alisema karani hulipwa vizuri kuliko wafanyakazi wengine, lakini shule zikienea, wajuao kuandika na hesabu watakuwa wengi na mshahara wake utashuka. Je, siyo tuyaonayo? Zamani mtoto wa misheni akijua kuandika barua tu alipewa kiti. Leo kijana ana digrii naye azunguka na bahasha miezi na miezi, na mashine yakata tikiti bila kuomba likizo.

Na hapa kwetu? Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilishauri mtumishi wa Serikali asiye Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Karani Mwafrika alikuwa na tai wakati ule. Je, ilimwongezea zile mbili zilizobaki?

Harry Thuku naye alikuwa mtu wa ofisi, opereta wa simu katika Hazina. Mwaka 1921 alisimama kupinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara ya vibarua, wala hakuuliza nani ana viatu. Alipokamatwa Machi 1922, watu wa Nairobi waliacha kazi wakaenda kumdai, na wengine wakapigwa risasi wakafa.

Hatusemi tu sawa katika kila jambo. Karani hukaa kivulini, sisi juani. Hati ya onyo huamriwa na mkubwa, lakini anayetukabidhi dirishani ni karani, basi chuki yote humwangukia yeye, na mkubwa anywa chai yake salama. (Sisi pia tuna kosa. Nani kati yetu hamwambii mwanawe asome asije akashika koleo kama babaye?)

Mwezi ujao viongozi wetu wataketi na wakubwa juu ya mishahara. Wanaozijua hesabu za malipo ni makarani. Wakiwa kando, sisi tutajadiliana gizani, na wao watapewa kitakachobaki. Mkutano ni Jumapili, saa nne. Viti vipo. Tena twahitaji mtu wa kuandika kumbukumbu, kwani mwandiko wetu, kusema kweli, hausomeki.