Nani atalipwa kuiuliza mashine maswali?

Majuzi nilikaa na mzee mmoja na mwanawe katika mkahawa wa Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere. Kijana amemaliza shahada ya pili ya kompyuta. Sasa anataka kusomea udaktari kuhusu sera ya teknolojia na maadili ya akili mnemba, yaani kompyuta zinazofundishwa kukisia na kuamua kwa kutazama mifano mingi. Mzee alinigeukia akasema: “Ssebo, huyu anajua kutengeneza programu. Sasa anataka kusomea kuuliza maswali. Kazi hiyo hulipwa na nani?”

Swali la mzee ni zito kuliko alivyodhani, na nadhani linaihusu Uganda nzima.

Kwanza tukubali kwamba watengenezaji tunao. Mradi wa AirQo wa Makerere, ulioanza mwaka 2015, hupima uchafu wa hewa ya Kampala kwa vifaa vilivyobuniwa hapa hapa, vingine vikafungwa kwenye boda boda. Kazi hiyo ilivutia dola milioni 1.3 kutoka mfuko wa misaada wa Google mwaka 2019, na dola milioni 3 nyingine mwaka 2022. Ni jambo la kujivunia. Ila anayetengeneza ana mlango wa kubisha. Anayehoji nani ataumia mashine ikikosea, mlango wake ni upi?

Tutazame kitambulisho cha taifa, maarufu kama Ndaga Muntu. Uandikishaji wa watu wengi ulianza mwaka 2014, na baadaye huduma nyingi zikafungwa kwake. Mzee wa miaka 80 anastahili ruzuku ya Sh25,000 za Uganda kwa mwezi. Lakini kukiwa na kosa katika tarehe yake ya kuzaliwa, kompyuta humhesabu kuwa bado kijana. Mwingine amelima maisha yake yote hadi alama za vidole zimefutika, na mashine haimtambui.

Hayo yalielezwa kinagaubaga katika ripoti ya Juni 2021, iliyokadiria kwamba huenda hadi theluthi moja ya watu wazima hawakuwa na kitambulisho hicho. Waliofanya utafiti walikuwa mashirika mawili ya Kampala, ISER na Unwanted Witness, pamoja na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 2022 mashirika ya hapa yaliipeleka serikali mahakamani kuhusu suala hilo.

Sina ugomvi na New York, waliokuja walisaidia. Hata hivyo, najiuliza kwa nini swali la bibi wa kijijini lisubiri kwanza ripoti ya mashirika na chuo cha ng’ambo. Mashirika yetu hutegemea sana wafadhili, na mradi ukiisha, mara nyingi swali nalo hufungwa kabatini. Msomi mwenye kiti cha kudumu chuoni angeweza kulifuatilia jambo moja kwa miaka 20, tangu siku ya zabuni hadi mashine inapochakaa.

Wapo watakaosema kazi ya namna hiyo ni anasa ya nchi tajiri. Wamsome Profesa Calestous Juma. Alizaliwa mwaka 1953 Busia, Kenya, karibu kabisa na mpaka wetu, akafundisha shule ya msingi Mombasa, kisha akaandika habari za sayansi katika gazeti la Daily Nation. Baada ya kupata udaktari wa sera ya sayansi na teknolojia Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alirudi Nairobi na mwaka 1988 akaanzisha kituo cha ACTS cha kutafiti mambo hayo. Harvard ilikuja baadaye. Katika kitabu chake cha mwaka 2016, mwaka mmoja kabla hajafariki, alionyesha kuwa watu hupinga teknolojia mpya hasa kwa kuogopa kupoteza walichonacho. Juma alikuwa mpenzi mkubwa wa teknolojia. Aliuliza maswali ili ikubalike na iwafae watu.

Uganda sheria inayo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa mwananchi haki ya kupinga uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Mwaka huo huo polisi walithibitisha kununua kutoka Huawei kamera zinazotambua nyuso, mradi wa dola milioni 126. Ni wananchi wangapi wanaweza kueleza picha zao hukaa wapi, kwa muda gani, na kosa la kamera hurekebishwa na nani? Sheria bila wataalamu wa kuifuatilia ni kufuli lisilo na funguo.

Kwa maoni yangu, vyuo vyetu vya umma viunde nafasi za kudumu zinazounganisha kompyuta, sheria na elimu ya jamii, na zilipwe na hazina yetu wenyewe. Mwaka 2019 serikali ilianza kutenga Sh30 bilioni kwa ajili ya utafiti wa Makerere, kwa hiyo njia ipo. Aidha, kabla serikali haijanunua mfumo wa kuamua nani apate huduma, wasomi hao wauchunguze na matokeo yatangazwe, kwa lugha ambazo watu wanazungumza.

Mzee nilimweleza ukweli. Kwa leo, mwanawe akiifuata njia hii, huenda mshahara wake ukatoka ng’ambo, na pengine yeye mwenyewe akaishia huko. Mzee alitikisa kichwa akasema mkono mtupu haulambwi. Kisha akanisimulia kuhusu dada yake mkubwa kule kijijini, ambaye bado anahangaikia tarehe yake ya kuzaliwa.

Mwanawe alikuwa ameshatoa daftari, anaandika.