Oili Nzito kwa Injini Iliyoongezwa Nguvu: Lini Yafaa, Lini Yadhuru

Juma hili tunajibu swali la askari mmoja aliyeko Mbarara. Anayo Subaru ya petroli yenye turbo, ambayo mdogo wake huitumia kubeba abiria kati ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Injini yake ilifunguliwa, ikatiwa pistoni za kufuliwa badala ya zile za kiwandani, na msukumo wa turbo ukaongezwa. Tangu siku hiyo afande huyu amekuwa na washauri watatu. Fundi anamwambia atie oili ya kawaida 20W-50. Muuzaji wa vipuri anamsifia oili ya sinthetiki 10W-60. Jirani yake anashikilia kwamba kitabu cha gari kinasema 5W-30, na kitabu hakibishaniwi. Anauliza: amfuate nani?

Swali hili si la gari peke yake. Mapato ya gari hilo ndiyo yanayolipa karo ya watoto, na usiku ndilo linaloitwa mama mzazi anapohitaji kufikishwa hospitali ya Mbarara. Injini ikifa njiani, hasara huwafikia wengi.

Tuanze na zile namba. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kiitwacho SAE, kilianza kuzipanga oili kwa uzito mwaka 1911. Namba iliyo mbele ya herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi. Namba ya nyuma huonyesha uzito wake injini ikiwa imekwisha kupata moto, na kipimo hicho hufanywa katika joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo 5W-40 na 15W-40 huwa za daraja moja injini ikiwa moto. Hutofautiana zaidi asubuhi, kabla injini haijapata joto.

Sasa tuipime hesabu hiyo kwa hali ya hewa yetu. Oili yenye alama 15W hujaribiwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mbarara, hata alfajiri yenye ukungu, haikaribii baridi ya namna hiyo. Hivyo hapa kwetu hakuna haja ya kulipa fedha nyingi kwa sababu ya 0W peke yake. Hata hivyo namba ndogo ina faida yake, kwa maana oili nyepesi hufika upesi juu ya injini gari linapowashwa, na dakika za kwanza ndizo zinazochakaza vyuma sana.

Je, kuongeza nguvu hubadilisha nini? Mambo matatu. Kwanza, mzigo. Mhimili wa injini hauligusi beringi lake. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Nafasi iliyopo kati yao ni kama sehemu 5 za mia za milimita, yaani haizidi unene wa unywele. Nguvu ikiongezwa, utando huo hukandamizwa zaidi. Pili, joto. Turbo huendeshwa na moshi wenye moto mkali, na oili ndiyo inayolainisha mhimili wake. Tatu, petroli. Injini iliyoongezwa nguvu mara nyingi hupewa petroli nyingi zaidi ili isiungue. Sehemu ya petroli hiyo hupenya kandokando ya ringi, ikachanganyika na oili na kuifanya nyepesi kuliko ilivyoandikwa kwenye kopo. Tena pistoni za kufuliwa hupanuka zaidi zikipata moto, ndiyo maana mafundi huziachia nafasi kubwa kidogo. Kwa sababu hizo, oili ya 30 iliyotosha injini ilipotoka kiwandani yaweza isitoshe sasa. Jirani ana haki ya kukiheshimu kitabu, lakini kitabu kiliandikwa kwa ajili ya injini ambayo haijaguswa.

Lakini tusidhani kwamba kadiri oili inavyozidi uzito ndivyo inavyozidi kulinda. Oili nzito mno huchelewa kupita katika vijitundu vyembamba. Ikiwa bado baridi, pampu huisukuma kwa shida, na nyingine hupita pembeni ya filta bila kuchujwa. Huongeza joto kwa msuguano wake yenyewe, hula nguvu ya injini na huongeza matumizi ya petroli. Katika injini za kisasa zinazobadilisha majira ya valvu kwa msukumo wa oili, uzito usiolingana huweza kuvuruga kazi hiyo.

Hapa ndipo geji huwadanganya wengi. Mtu akitia oili nzito, geji ya msukumo hupanda, naye hufurahi. Lakini msukumo ni ugumu wa oili kupita. Hauthibitishi kwamba oili ya kutosha imefika mahali pake. Hata mfereji ulioziba huonyesha msukumo mkubwa.

Vipi kuhusu sinthetiki? Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa, na ndani yake mna chembe za maumbo mbalimbali. Ya sinthetiki hutengenezwa au kubadilishwa kiwandani hata chembe zake zikakaribia kulingana. Matokeo yake ni kwamba haiwi nyepesi upesi ikipata moto, haiwi nzito sana ikiwa baridi, na haiungui upesi ndani ya turbo na kuacha masizi magumu. Kwa injini yenye turbo iliyoongezwa nguvu, sifa hizi ni za haja. Kwa gari la kawaida linaloendeshwa polepole mjini, oili ya kawaida nzuri inayobadilishwa kwa wakati yatosha, na fedha zinazobaki zinunue sukari ya nyumbani.

Basi jibu letu kwa afande ni hili. Kwanza amwulize aliyeifunga injini ile nafasi za beringi na pistoni alizoziacha. Fundi aliyepima atajibu kwa namba. Ikiwa nafasi ni za kiwandani au zimezidi kidogo tu, aanze na sinthetiki ya 5W-40 au 10W-40. Kisha atie geji ya msukumo na ya joto la oili, alitazame gari likiwa limepanda vilima vya Isingiro na abiria wake. Mafundi wengi wana kanuni ya kukadiria: msukumo usipungue psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, yaani 30 kwa mizunguko 3,000. Joto la oili likizidi nyuzi 130, hatari imekaribia. Msukumo ukianguka injini ikiwa moto, au nafasi zikiwa zimeachwa kubwa kwa makusudi, ndipo apande hadi 10W-50 au 15W-50. Ile ya 60 aiache, isipokuwa aliyeitengeneza injini ameiagiza kwa sababu anayoweza kuieleza.

Oili yoyote atakayochagua aibadilishe pamoja na filta yake, kabla ya kilomita 5,000. Kijiti cha kupimia kikinuka petroli, asingoje hata hizo. Akifika mwisho wa safari asizime injini papo hapo. Aiache ingurume kwa upole dakika moja au mbili ili turbo ipoe. Na kwa kuwa njia za Nakivale zina vumbi la changarawe, filta ya hewa isafishwe na kubadilishwa mapema. Vumbi likiingia kwenye silinda husaga chuma kama msasa, na hapana oili nzito iwezayo kulizuia.

Tuwaonye pia wale wanaotia oili nzito ili kuficha moshi wa buluu au mlio wa kugonga. Moshi huo ni dalili kwamba oili inaungua, pengine ringi zimekwisha, na mlio waweza kuwa beringi. Oili nzito hunyamazisha ugonjwa kwa majuma machache bila kuuponya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliye na pikipiki naye akumbuke kwamba klachi yake mara nyingi huoga ndani ya oili ya injini. Atafute kopo lenye alama ya JASO MA, asije akatia oili ya gari na klachi ikateleza.

Dukani, soma kopo kabla ya kulipa. Herufi S baada ya neno API ni ya injini za petroli, na C ni ya dizeli. Daraja la SP lilianza mwaka 2020, nalo limewekewa masharti makali kuliko yaliyotangulia. Kagua kama muhuri wa kifuniko haujaguswa na kama maandishi hayajafifia. Kopo tupu usimwachie mtu zima. Litoboe, maana makopo kama hayo ndiyo yanayojazwa oili ya bandia.

Mwisho, tuseme na walioko nyumbani. Oili chafu huweza kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa siku zote, kwa hiyo fundi anawe kwa sabuni, wala watoto wasiichezee. Isipakwe jeraha kamwe. Kopo la oili lisigeuzwe chombo cha maji wala cha mafuta ya kula, hata likioshwa mara kumi. Wala isimwagwe mfereji­ni au bondeni. Ziwa Nakivale, pamoja na mabwawa yanayoliunganisha na eneo la Mburo, liliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia. Humo hutoka samaki wa wenyeji na wa wakimbizi, na maji ya watu na mifugo. Ikusanye oili chafu katika dumu lenye kifuniko na kuirudisha gereji inayopokea.

Afande, mwambie mdogo wako aanze na geji na aliyeifunga injini. Baada ya hapo namba ya kwenye kopo itajichagua yenyewe.