Acheni Mtu Mmoja Apige Peke Yake

Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, ratiba ni ile ile. Wageni wanaketi, wanaletewa maji, halafu ngoma. Vijana kumi na tano wanaruka, picha zinapigwa, mambo yameisha. Mzee wa inanga, kama ameitwa, anapewa dakika tatu wakati watu wako kwenye foleni ya soda. Huku si kuenzi utamaduni wetu, jamani. Ni kuukata nusu.

Msije mkasema nachukia ngoma. Kwetu ni Nyamugari ya Gitega, siyo ile ya Muyinga, na Gitega ndiko kuliko na Gishora, nyumba ya ngoma za wafalme. UNESCO iliziandika ngoma hizo katika urithi wa binadamu mwaka 2014, na zilistahili. Lakini ngoma ina watetezi. Inanga ina nani?

Mnaijua wenyewe: ubao uliochongwa kama sinia refu, kamba moja inayozungushwa mpaka iwe nyuzi nane hivi, na mtu aliyekaa akiimba kwa kunong'ona. Sauti yake na ya uzi zinaingiliana mpaka unadhani ubao ndio unaosema. Hicho si kitu cha uwanjani na spika mbovu. Kinataka watu wanyamaze.

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki Burundi, na Ocora ya Ufaransa ikautoa kwenye santuri. Ndani ya santuri hiyo moja kuna ngoma na kuna inanga ya kunong'ona. Ulaya ilichukua nini? Ngoma! Mwaka 1971 zilibandikwa vyombo vingine juu, zikaitwa “Burundi Black”, zikaingia kwenye chati za Uingereza. Mnong'ono ukabaki pale pale. Na sisi leo tunafanya vilevile, kwa mikono yetu.

Wengine wanasema eti mtu mmoja anachosha. Kweli? Januari 1975, mjini Köln, Keith Jarrett alipiga piano peke yake zaidi ya saa moja, akitunga papo hapo, tena kwenye piano mbovu. Albamu ile imeuzwa kwa mamilioni.

Na kama mnataka aliyeacha kwao kama sisi, yuko Abdullah Ibrahim wa Cape Town, wakati ule akiitwa Dollar Brand. Aliondoka Afrika Kusini ya ubaguzi mwaka 1962. Tarehe 22 Oktoba 1969 alikaa kwenye piano katika klabu ya Jazzhus Montmartre, Copenhagen, yeye na vidole vyake, mbele ya watu. Ikatoka albamu *African Piano*. Hakuleta vijana kumi na tano waruke ndipo aonekane Mwafrika.

Kundi likipiga ngoma, mgeni anaona “wakimbizi”. Mtu mmoja akipewa muda wake, inabidi umsikilize kama mtu, mwenye kumbukumbu, mzaha, hasira na jina. Wanatupenda tukiwa wengi, tunaruka, tunacheka. Anayenong'ona anawatia wasiwasi, maana huenda anasema kitu.

Wapiga inanga tulio nao ni wazee, na wakiondoka wanaondoka na nyimbo zao. Basi, ndugu wa kamati, 20 Juni ijayo mpeni mzee mmoja dakika arobaini, jioni, ndani ya nyumba, bila spika. Wekeni simu mbili za kurekodi, moja karibu na ubao, moja karibu na mdomo. Asikatizwe. Mtu akikohoa, kiingie. Mtoto akilia, aingie. Ndiyo maana ya kurekodi mbele ya watu. Halafu muitoe yote, bila kuikata, na jina lake liandikwe juu.

Ngoma zitapigwa kesho yake. Hazitaenda popote.