Hesabu ya Moli Si ya Mtihani Tu

Wasee wa Kibera na Kawangware, nani hajawahi kuuliza, "Hii hesabu ya moli ya fomu tatu itanisaidia na nini?" Mimi niliuliza sana. Jibu nimelipata kwa jiwe la kijani.

Tsavoraiti inachimbwa Taita Taveta, na inabeba jina la Tsavo. Ikiwa safi, maabara itakupa karibu hivi: silika asilimia 40.0, alumina 22.6, chokaa 37.4. Sasa toa simu. Gawa kila moja kwa uzito wake wa moli: 60, 102, 56. Unapata 0.67, 0.22, 0.67, yaani 3 kwa 1 kwa 3. Alumina moja hubeba alumini mbili, kwa hivyo: kalisi 3, alumini 2, silikoni 3, oksijeni 12. Hiyo ni ganeti. Kioo cha chupa hakikupi hizo namba.

Mashine ya kupima hatuna mtaani, sawa. Lakini hesabu yenyewe hata kabambe inaweza. Basi mtu asikudanganye eti sayansi si yetu. Maanake asiyejua kusoma hizo asilimia, atapangiwa bei na anayejua.

Ama mnaonaje?