Mkataba Huandikwa, Amani Hujengwa: Nafasi ya Mwanamke Baada ya Vita

 

Mwezi wa Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 1325, likitaka wanawake washirikishwe katika kutafuta na kujenga amani. Wapo miongoni mwetu wanaoliona jambo hili kuwa ni la kigeni. Tulipime kwa mizani yetu wenyewe.

Mwaka wa 6 Hijria, mkataba wa Hudaibiya ulipokwisha kuandikwa, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha Sahaba wachinje na wanyoe. Alirudia mara tatu na hakuinuka mtu, kwa uchungu wa masharti yale. Akaingia kwa Mama wa Waumini, Ummu Salama (R.A.), naye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo, na Sahaba wote wakainuka. Haya yamo katika Sahihi Bukhari. Karatasi ilikuwa tayari. Nyoyo ndizo zilizokuwa bado.

Tutazame na jirani zetu wa Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Kisomali, Waislamu watupu, ziliuana, na uhasama ukaingia mpaka sokoni. Kinamama wachache, akiwemo Bi Dekha Ibrahim Abdi, Allah amrehemu, walianzia hapo hapo: kila mwanamke auze na anunue, awe wa ukoo wowote. Kisha wakawaendea wazee. Mwaka 1993 wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah la kusitisha mapigano, na baadaye ikaundwa kamati ya amani iliyowakusanya wazee, kinamama, vijana na serikali.

Kinamama hao hawakuwapokonya wazee nafasi yao. Walifika pasipofikiwa na wazee: sokoni, kisimani na majumbani, ambako maneno ya kisasi husikika kabla ya silaha kutolewa.

Hapa visiwani tumeona watu wakisusiana maduka, harusi na hata maziko kwa sababu ya siasa. Suluhu za viongozi zilipokuja, nani aliyekwenda kubisha hodi kwa jirani mara ya kwanza? Mara nyingi ni mama mwenye kawa ya chakula mkononi. Na tuseme kweli: ulimi wa mama unaweza pia kumlea mtoto juu ya chuki. Ndiyo maana hatuwezi kumwacha nje ya shauri.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 9, Allah anaamrisha makundi ya waumini yakipigana yasuluhishwe kwa uadilifu. Amri hiyo ni ya umma mzima. Basi kamati za suluhu za misikiti na shehia zetu ziwaite kinamama wenye busara na kuwasikiliza, kwa kuchunga adabu za dini, wala wasingojwe mpaka wakati wa kupika chakula cha wajumbe.

Allah azihifadhi nyumba zetu na fitna. Wallahu a'lam.