Kadi za Posta na Majina Yetu

Wako wanaosema: kukusanya kadi za posta na kuandikiana na watu tusiowajua ni mchezo wa wazungu, si mila yetu. Hapana! Sura zetu zilisafiri zamani, ila wenyewe hawakutia neno. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefika Léopoldville mwaka 1924, alitoa kadi za picha akaziita «L'Afrique qui disparaît», Afrika inayotoweka. Wakusanyaji wa Ulaya wanaziuziana hata leo. Chini ya picha mara nyingi kumeandikwa kabila tu. Jina la mtu hakuna.

Hapa Uvira mgeni akifika tunamuuliza: uko mtoto wa nani? Kadi isiyojibu swali hilo inatuvunjia heshima, hata ikiwa nzuri namna gani.

Tangu 2005 iko Postcrossing, iliyoanzishwa Ureno, ambapo watu wasiojuana wanatumiana kadi. Basi na sisi tutume zetu: mvuvi wa ndagala wa Kalundu, kwa ruhusa yake, na nyuma ya kadi jina lake, ukoo wake na kazi yake. Tukinyamaza, wengine watazidi kutuandika wapendavyo. Nasi hatukutoweka, tuko.